Tibakemia na mionzi kwa pamoja: manufaa yake ni kiasi gani, na mwili hulipa gharama gani?

Mwaka 2022, wanawake wapatao 660,000 duniani waligunduliwa kuwa na saratani ya shingo ya kizazi, na wengine wapatao 350,000 walifariki kwa ugonjwa huo. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, WHO, vifo 94 katika kila 100 vilitokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Nchini Uganda na katika nchi jirani ya Tanzania, hii ndiyo saratani inayowapata wanawake wengi kuliko nyingine yoyote.

Wengi wao hufika hospitali kubwa wakiwa wamechelewa. Uvimbe umekwisha kutoka kwenye shingo ya kizazi na kuingia katika nyama za jirani, na daktari wa upasuaji hawezi tena kuuondoa wote kwa kisu. Hapo ndipo mgonjwa na jamaa zake huelezwa kwamba tiba iliyobaki, na ambayo bado ina uwezo wa kuponya, ni mionzi pamoja na tibakemia, ile ambayo wengi huiita kemo. Huelezwa pia kwamba tiba hiyo ina madhara. Kinachokosekana mara nyingi ni maelezo ya kutosha: tiba mbili zinaongeza nini juu ya moja, madhara ni yapi, na kwa nini madaktari husisitiza kwamba isikatizwe. Makala haya yanajaribu kuyajibu maswali hayo.

Maana ya neno "pamoja"

Mgonjwa anapoambiwa kwamba atapata dawa na mionzi, anaweza kudhani kwamba atamaliza kwanza moja ndipo aanze nyingine. Katika tiba inayozungumziwa hapa, neno "pamoja" lina maana kamili ya wakati mmoja: dawa hutiwa mwilini katika wiki zilezile ambazo mionzi inaendelea kupigwa.

Utaratibu uliozoeleka kwa saratani ya shingo ya kizazi ni huu. Mgonjwa hupigwa mionzi ya nje mara moja kwa siku, siku 5 kwa wiki, kwa muda wa wiki 5 hivi. Kila kipindi huchukua dakika chache tu, na mionzi yenyewe haiumi wakati inapopita. Kipimo cha jumla cha mionzi hiyo ya nje huwa kati ya grei 45 na 50, kikigawanywa katika vipindi vipatavyo 25. Mara moja kwa wiki, mgonjwa hulazwa kitandani kwa saa kadhaa na kutiwa dawa iitwayo sisplatini kwa njia ya dripu. Kipimo cha kawaida ni miligramu 40 kwa kila mita moja ya mraba ya eneo la mwili, na lengo ni kupata dozi 5 au 6.

Baada ya hapo, au karibu na mwisho wa wiki hizo, hufuata mionzi ya ndani. Kifaa chembamba huingizwa kupitia ukeni hadi kwenye shingo ya kizazi, na chanzo cha mionzi hupitishwa humo kwa muda mfupi ili kipimo kikubwa kifike penye uvimbe bila kuunguza viungo vya mbali. Hatua hii si ya hiari. Mionzi ya nje peke yake haiwezi kuongezwa hadi kufikia kipimo kinachoua uvimbe wote, kwa sababu utumbo na kibofu cha mkojo vingeharibika kabla. Mgonjwa aliyemaliza mionzi ya nje, akajisikia nafuu na kurudi nyumbani bila kupata ile ya ndani, ameacha sehemu muhimu ya tiba yake.

Kwa nini dawa huipa mionzi nguvu

Mionzi huua seli za saratani kwa kuvunjavunja vinasaba vyake, yaani ile DNA inayobeba maelekezo ya uhai wa seli. Lakini seli si kitu kinachokaa kimya kinaposhambuliwa. Ina mafundi wake wa ndani, ambao huanza kukarabati palipovunjika saa hiyohiyo. Seli nyingi za kawaida hukarabati vizuri kuliko seli za saratani, na ndiyo sababu mionzi hugawanywa katika vipindi vidogo vya kila siku: seli nzima hupata nafasi ya kupona kati ya kipindi na kipindi.

Sisplatini ni dawa iliyojengwa juu ya madini ya platini. Uwezo wake uligunduliwa mwaka 1965 na mwanasayansi Barnett Rosenberg wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan, Marekani, alipokuwa akichunguza athari za umeme kwa bakteria na kuona kwamba bakteria hao wameacha kugawanyika. Baadaye ilibainika kwamba sababu haikuwa umeme, bali chembe za platini zilizotoka katika vyuma vilivyotumika kupitisha umeme huo. Dawa hiyo hujibandika kwenye vinasaba na kuvifunga. Seli iliyovunjwa na mionzi inapotaka kujikarabati, hukuta njia imezibwa. Kwa hiyo kipimo kilekile cha mionzi huua seli nyingi zaidi.

Hata hivyo, dawa hiyo haichagui. Inapita katika damu na kufika kwenye figo, masikioni, katika uboho unaotengeneza damu na katika utumbo. Kinachoongeza nguvu ya tiba ndicho pia kinachoongeza madhara, na hakuna njia ya kuvitenganisha kabisa.

Hesabu ya manufaa

Mwezi Februari mwaka 1999, Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani ilitoa tangazo la dharura kwa madaktari. Tafiti 5 zilizokuwa zimekamilika zilionyesha kwamba wanawake wenye saratani ya shingo ya kizazi waliopewa mionzi pamoja na dawa za kundi la sisplatini walipungukiwa na hatari ya kufa kwa asilimia 30 hadi 50, wakilinganishwa na wenzao ambao hawakupata tiba hiyo. Tangu hapo, tiba ya pamoja imekuwa ndiyo ya kawaida duniani.

Takwimu za namna hiyo ni za kweli, lakini zinaweza kumpotosha anayezisikia kwa mara ya kwanza. Kupungua kwa hatari kwa asilimia 30 hakumaanishi kwamba watu 30 zaidi katika kila 100 watapona. Mwaka 2008, watafiti walikusanya taarifa za mgonjwa mmoja mmoja kutoka katika tafiti 18 zilizofanywa katika nchi 11, wakazihesabu upya zote kwa pamoja. Matokeo yalikuwa ya kiasi zaidi. Katika kila wanawake 100 waliopata mionzi peke yake, 60 walikuwa hai baada ya miaka 5. Katika kila wanawake 100 waliopata mionzi pamoja na tibakemia, waliokuwa hai ni 66.

Tafsiri yake ni hii. Kati ya wanawake 100, wapo 60 ambao wangefika miaka hiyo 5 hata bila dawa. Wapo 34 ambao hawangefika hata kwa dawa. Na wapo 6 ambao uhai wao umeokolewa na dawa hiyo. Tatizo ni kwamba hakuna kipimo kinachoweza kumtambua mapema aliye miongoni mwa hao 6. Kwa hiyo wote 100 hupewa dawa, na wote 100 hubeba madhara yake kwa viwango tofauti.

Uchambuzi huohuo ulionyesha jambo jingine linalozihusu nchi zetu moja kwa moja. Manufaa yalitofautiana kulingana na hatua ya ugonjwa. Kwa waliokuwa katika hatua za mwanzo, ongezeko lilikuwa wanawake 10 katika kila 100. Kwa waliokuwa katika hatua ya kati, lilikuwa 7. Kwa wale waliofika wakiwa na ugonjwa mkubwa ulioenea hadi kwenye kuta za nyonga au viungo vya jirani, ongezeko lilikuwa 3 tu. Mgonjwa anayechelewa hupoteza nafasi ya kupona kwa ujumla, na zaidi ya hapo hupoteza sehemu kubwa ya faida ambayo dawa ingemwongezea.

Tarakimu 3 au 6 zinaweza kuonekana ndogo. Lakini katika tiba ya saratani, hatua nyingi zilizopigwa kwa miaka 50 iliyopita zimekuwa za ukubwa wa namna hiyo, na waliookoka ni akina mama wenye familia. Cha msingi ni kwamba mgonjwa azijue tarakimu hizo jinsi zilivyo. Anayeambiwa kwamba kemo "itamponya" na anayeambiwa kwamba kemo "haisaidii kitu" wote wawili wamedanganywa.

Wiki 8 zisizosubiri

Lipo jambo lenye uzito sawa na dawa yenyewe, nalo ni wakati. Madaktari hulenga kwamba tiba yote, kuanzia siku ya kwanza ya mionzi ya nje hadi siku ya mwisho ya mionzi ya ndani, ikamilike ndani ya wiki 8. Sababu ni kwamba seli za saratani zilizonusurika huanza kuzaliana kwa kasi baada ya wiki kadhaa za kushambuliwa. Tafiti zimekadiria kwamba kila siku inayozidi muda huo hupunguza uwezekano wa kuudhibiti uvimbe kwa takriban asilimia 0.5 hadi 1. Kuchelewa kwa siku 10 kunaweza, kwa hesabu hiyo, kufuta faida yote iliyoletwa na sisplatini.

Uganda inalifahamu jambo hili kwa uchungu. Taasisi ya Saratani ya Uganda, iliyoko Mulago jijini Kampala, ilianzishwa mwaka 1967 na ilijipatia sifa kimataifa kwa tibakemia ya limfoma ya Burkitt kwa watoto. Lakini kwa miaka mingi nchi nzima ilitegemea mashine moja tu ya mionzi, inayotumia madini ya kobalti 60, iliyofika nchini katika miaka ya 1990. Mwaka 2016 mashine hiyo iliharibika kiasi cha kutotengenezeka. Wagonjwa waliokuwa katikati ya tiba walikatishwa. Baadhi walipelekwa Nairobi kwa mpango maalumu, na wengine wakabaki wakisubiri. Mashine mpya ya kobalti ilizinduliwa Januari 2018, na baadaye taasisi hiyo ikapata mashine za kisasa zaidi zinazotengeneza mionzi kwa umeme.

Kobalti yenyewe inafundisha somo kuhusu muda. Nguvu yake hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 5 na miezi 3 hivi. Chanzo kinapozeeka bila kubadilishwa, kipindi kilichokuwa kikichukua dakika 2 huchukua 4, kisha 8, na idadi ya wagonjwa wanaoweza kuhudumiwa kwa siku hupungua hata kama mashine haijaharibika.

Katika nchi jirani, hali imekuwa ikibadilika. Nchini Tanzania, Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam ilikuwa kwa muda mrefu mahali pekee pa mionzi, kabla ya Hospitali ya Bugando, Mwanza, kuanza nayo kutoa huduma hiyo kwa wakazi wa Kanda ya Ziwa. Nchini Rwanda, kituo cha saratani cha Butaro kilifunguliwa mwaka 2012 na kutoa tibakemia, lakini waliohitaji mionzi walilazimika kupelekwa nje ya nchi hadi huduma hiyo ilipoanzishwa katika hospitali ya jeshi ya Kanombe, Kigali. Nchini Kenya, mbali na Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, huduma ya mionzi imefikishwa pia katika miji kama Mombasa, Nakuru na Garissa.

Pamoja na hayo, mgonjwa anayetoka kijijini bado hulazimika kuishi mjini kwa wiki 6 hadi 8. Ni lazima apate pa kulala, chakula, nauli ya kila siku na mtu wa kumwangalia watoto wake. Hospitali nyingi huona wagonjwa wakitoweka katikati ya tiba kwa sababu ya nauli, mavuno au msiba nyumbani. Familia inayotaka kumsaidia mgonjwa wake haina msaada mkubwa wa kumpa kuliko kuhakikisha, kabla ya siku ya kwanza, kwamba fedha na malazi ya wiki zote 8 yamekwisha kupangwa.

Madhara ya wakati wa tiba

Madhara mengi huanza wiki ya pili au ya tatu, hufikia kilele karibu na mwisho wa tiba, kisha hupungua polepole katika wiki chache zinazofuata. Yanayojulikana zaidi ni haya.

Uchovu. Karibu kila mgonjwa huupata. Ni uchovu usioondoka hata baada ya kulala, na haupaswi kuhesabiwa kuwa uvivu. Mwendo mfupi wa kila siku na mapumziko ya mchana husaidia kuliko kulala kutwa nzima.

Kichefuchefu na kutapika. Sisplatini ni miongoni mwa dawa zinazosababisha hali hii kwa nguvu. Zipo dawa nzuri za kuizuia, ikiwemo ondansetroni, ambazo hutolewa kabla ya dripu wala si baada ya kutapika kuanza. Mgonjwa aliyetapika sana wiki iliyopita anapaswa kumwambia muuguzi kabla ya dozi inayofuata.

Kuhara na maumivu ya tumbo. Mionzi inayopita nyongani hugusa utumbo. Katika vituo vingi mgonjwa huambiwa anywe kiasi maalumu cha maji kabla ya kila kipindi ili kibofu kijae na kuusukuma utumbo kando. Agizo hilo linaonekana dogo, lakini lina faida pale tu linapofuatwa vilevile kila siku. Anayehara hushauriwa kupunguza kwa muda vyakula vyenye nyuzi nyingi, maziwa na viungo vikali, na kunywa maji yenye chumvichumvi za kuzuia upungufu wa maji mwilini.

Maumivu wakati wa kukojoa na ngozi kuwaka. Ngozi ya sehemu za siri na mapajani inaweza kuwa nyekundu au nyeusi na kuchubuka. Inaoshwa kwa maji ya uvuguvugu bila kusugua, na alama zilizochorwa na mafundi wa mionzi hazifutwi.

Kupungua kwa chembe za damu. Dawa na mionzi kwa pamoja hukandamiza uboho. Chembe nyeupe zikishuka, maambukizi madogo hugeuka kuwa hatari. Ndiyo maana damu hupimwa kila wiki, na wakati mwingine dozi huahirishwa. Homa ya nyuzi 38 au zaidi kwa mgonjwa wa kemo ni jambo la kufika hospitali siku hiyohiyo, hata usiku. Upungufu wa damu nao huchunguzwa, kwa sababu uvimbe usiopata hewa ya oksijeni ya kutosha huihimili mionzi zaidi. Madaktari wengi hulenga himoglobini isishuke chini ya gramu 10, na huongeza damu inapobidi.

Figo, masikio na neva. Haya ni madhara ya sisplatini yenyewe. Mgonjwa hutiwa maji mengi kwa dripu kabla na baada ya dawa ili figo zisafishwe, na huhimizwa kunywa maji nyumbani. Kupungua kwa mkojo, mvumo masikioni, kutosikia vizuri, au ganzi ya vidole ni dalili za kuripotiwa mara moja. Dawa za maumivu zinazouzwa kila duka, kama diklofenaki na ibuprofeni, pamoja na sindano ya jentamaisini, zinaweza kuongeza mzigo kwa figo hizohizo. Zisitumiwe bila daktari wa saratani kujua. Ndivyo ilivyo pia kwa dawa za mitishamba: hata anayeziamini, azitaje mbele ya daktari wake, kwa sababu baadhi huharibu figo na ini.

Hofu mbili hurudiwarudiwa mitaani, na zote hazina msingi. Mgonjwa aliyepigwa mionzi ya nje habebi mionzi mwilini anaporudi nyumbani, na anaweza kumkumbatia mtoto wake bila wasiwasi. Pili, mionzi ya nyonga haing'oi nywele za kichwani. Sisplatini ya kila wiki inaweza kupunguza nywele kidogo, lakini kwa kawaida haziishi.

Madhara ya miezi na miaka ya baadaye

Sehemu hii ndiyo inayoelezwa kwa haraka zaidi katika kliniki nyingi, pengine kwa sababu ya haya. Haya hiyo huwaachia wagonjwa mzigo wa kubeba peke yao.

Mionzi ya nyonga huzima kazi ya ovari. Mwanamke wa miaka 35 hukoma hedhi ndani ya miezi michache, hupata joto la ghafla na jasho la usiku, na hawezi tena kubeba mimba. Ni haki yake kulijua hilo kabla ya kutia sahihi.

Uke unaweza kukauka, kusinyaa na kuwa mfupi. Vituo vingi hushauri kutumia kifaa maalumu cha kuupanua, au kurudia tendo la ndoa kidonda kinapopona, pamoja na vilainishi, ili kuta zisishikane. Ushauri huu unamhusu pia mume, na inafaa aitwe aelezwe. Mume asiyejua hudhani kwamba mkewe amemkataa, au kwamba saratani inaambukizwa kwa tendo hilo. Saratani haiambukizwi.

Kwa wachache, kibofu au njia ya haja kubwa hubaki na majeraha: kutoka damu, kwenda choo mara kwa mara, na mara chache zaidi tundu linalopitisha mkojo au kinyesi ukeni. Damu inayotoka mwaka mmoja baada ya tiba inaweza kuwa athari ya mionzi au kurudi kwa ugonjwa, na ni uchunguzi pekee utakaotofautisha. Kwa sababu hiyo kliniki za ufuatiliaji hazikomi siku tiba inapokwisha.

Nani asiyepewa tiba zote mbili

Uvimbe mkubwa wa shingo ya kizazi unaweza kuminya mirija inayoshusha mkojo kutoka kwenye figo. Figo zikishindwa kufanya kazi vizuri, sisplatini haitolewi, au hutolewa baada ya mirija hiyo kuzibuliwa. Wengine hawapewi kwa sababu ya udhaifu mkubwa wa mwili. Mgonjwa wa namna hiyo asione kwamba ameandikiwa kifo. Mionzi peke yake imekuwa ikiwaponya wanawake wengi tangu kabla ya sisplatini kujulikana, na ile hesabu ya 60 katika 100 iliwahusu waliopata mionzi tu.

Wanaoishi na virusi vya UKIMWI wanaweza kupata tiba ya pamoja. Wanachotakiwa ni kuendelea na dawa zao za kufubaza virusi bila kuruka, na kumwonyesha daktari wa saratani orodha ya dawa hizo, kwa kuwa baadhi nazo hugusa figo.

Saratani nyingine

Mbinu hii haikuanzia kwenye shingo ya kizazi, wala haiishii hapo. Mwaka 1974 daktari wa upasuaji Norman Nigro wa Detroit, Marekani, alieleza habari za wagonjwa wachache wa saratani ya njia ya haja kubwa waliopewa dawa na mionzi kabla ya upasuaji. Walipofanyiwa upasuaji, uvimbe haukuonekana tena. Leo wengi wenye saratani hiyo hutibiwa bila kukatwa na bila kuwekewa mfuko wa choo tumboni.

Kwa saratani ya koo la chakula, inayojitokeza kwa wingi katika ukanda unaofuata Bonde la Ufa, utafiti mmoja wa Marekani ulionyesha kwamba asilimia 26 ya waliopata tiba zote mbili walikuwa hai baada ya miaka 5, ilhali miongoni mwa waliopangiwa mionzi peke yake hakubaki hata mmoja. Kwa saratani za kichwa na shingo, uchambuzi wa tafiti nyingi umeonyesha ongezeko la watu 6 hadi 7 katika kila 100, manufaa yakipungua kadiri umri unavyoongezeka na kutoonekana kwa waliopita miaka 70. Madhara nako ni ya aina nyingine: vidonda vya kinywa, kukauka mate na kushindwa kumeza.

Maswali ya kumuuliza daktari

Utafiti haujasimama. Mwaka 2024 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa wanawake 500 kutoka Uingereza, Mexico, India, Italia na Brazil. Waliotangulia kupata wiki 6 za tibakemia, kisha wakaingia katika tiba ya pamoja, walikuwa hai kwa asilimia 80 baada ya miaka 5, dhidi ya asilimia 72 ya waliopata tiba ya kawaida. Dawa zilizotumika ni za bei nafuu na zinapatikana katika hospitali zetu. Hata hivyo, utaratibu huo unamtaka mgonjwa avumilie wiki nyingine 6 za dawa, na unategemea mashine kuwa tayari mara wiki hizo zinapokwisha.

Kwa mgonjwa anayeanza tiba wiki ijayo, maswali machache yanatosha. Ugonjwa wangu uko katika hatua gani, na lengo ni kuponya au kupunguza maumivu? Figo zangu zimepimwa? Mionzi ya ndani nitaipata hapahapa, na lini? Mashine ikiharibika katikati, nitapelekwa wapi? Nikipata homa usiku, nipige simu namba gani? Majibu yaandikwe kwenye karatasi, na nakala ibaki kwa yule atakayemsindikiza.

Na kwa ambaye bado hajaugua, kinga iko karibu zaidi ya mashine yoyote. Chanjo ya virusi vya HPV kwa wasichana ilianza kutolewa kitaifa Rwanda mwaka 2011, ikafuata Uganda mwaka 2015, Tanzania mwaka 2018 na Kenya mwaka 2019. Uchunguzi wa shingo ya kizazi hufanywa katika vituo vingi vya afya, huchukua dakika chache, na unaweza kuligundua tatizo miaka mingi kabla halijawa saratani. Damu inayotoka baada ya tendo la ndoa, au baada ya hedhi kukoma, si jambo la kusubiri mwezi ujao. Mwanamke anayefika wakati huo huenda asihitaji kabisa tiba iliyoelezwa katika makala haya. Na akiihitaji, atakuwa katika kundi la wale inaowasaidia zaidi.